Rekodi ya Oba Femi na ndoto za ulingo wa tope Mukono

WAFANYABIASHARA wanaorudi kutoka Kampala kupitia mpaka wa Kagitumba siku hizi hawaleti vitenge na viatu tu. Wanaleta pia picha za video kwenye simu zao. Ndani yake wanaonekana vijana wa Mukono, nchini Uganda, wakibebana na kubwagana kwenye tope, katika ulingo uliojengwa kwa miti na kamba, watu wakiwa wamejazana pembeni. Picha hizo zinapita kutoka simu hadi simu, kwenye foleni ya mizigo, kwenye vibanda vya chai, na hatimaye zinafika shuleni kwetu.

Mwezi uliopita mama mmoja anayevuka kila wiki kwenda kununua bidhaa Kikuubo alikuja kuniona ofisini. Mwanawe ana miaka 17 na yuko mwaka wa tano wa sekondari. "Mwalimu," aliniambia, "mtoto amekataa kufikiria mtihani. Anasema anakwenda Mukono kupigana mieleka. Baba yake hayupo, nami siku nyingi niko njiani. Nisaidie kumwambia kitu."

Nilimwita kijana. Hakubisha wala hakuinamisha kichwa. Alitoa daftari la jiografia, akafungua kurasa za nyuma na kunionyesha jedwali alilolichora kwa rula: tarehe, mpinzani, ameshinda, ameshindwa. Ilikuwa rekodi ya Oba Femi, Mnigeria anayepigana mieleka ya kulipwa huko Marekani katika kampuni ya WWE. "Mwalimu, huyu naye ni Mwafrika," alisema. "Tazama alivyopanda."

Hoja yake ilikuwa na hesabu ndani yake, na mwalimu hana ruhusa ya kuidharau hesabu. Nilimwomba aniachie daftari kwa siku mbili. Ninayoyaandika hapa yametoka katika daftari hilo, na nayaandika kwa sababu nina hakika mama yule si peke yake.

Tuanze na rekodi yenyewe, maana inavutia kweli. Oba Femi ni jina la ulingoni. Jina lake la kuzaliwa ni Isaac Odugbesan, mzaliwa wa Lagos mwaka 1998. Alikwenda Marekani kusoma na kurusha tufe, na alipokuwa Chuo Kikuu cha Alabama alikuwa miongoni mwa warusha tufe wanaotajwa. Desemba 2021 WWE ilitangaza kundi lake la kwanza la wanamichezo wa vyuo iliowasajili kwa mpango maalumu, naye akiwamo. Hakupandishwa ulingoni kesho yake. Ulipita muda akifundishwa namna ya kuanguka, namna ya kumbeba mwenzake bila kumvunja, na namna ya kusimama mbele ya kamera. Kampuni hiyo ina kituo chake cha mafunzo Orlando, jimbo la Florida, kilichofunguliwa mwaka 2013, na ina kipindi chake cha televisheni cha vijana kiitwacho NXT, ambacho waweza kukifananisha na timu ya akiba ya klabu kubwa.

Januari 2024 ndipo jina likavuma. Alishinda mashindano ya chipukizi kwa kumshinda Riley Osborne katika fainali, na mara moja akaitumia nafasi aliyoipata kumnyang'anya Dragon Lee mkanda wa Amerika Kaskazini. Alikaa nao karibu miezi tisa, muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuushika kabla yake, hadi Oktoba 1, 2024 alipoupoteza kwa Tony D'Angelo. Miezi mitatu baadaye, Januari 7, 2025, alipigana na Trick Williams na Eddy Thorpe kwa wakati mmoja, akatoka na ubingwa wa NXT wenyewe. Aliutetea kwa miezi zaidi ya minane. Septemba 27, 2025 akashindwa na Ricky Saints. Desemba 6, 2025 akaurudisha kutoka kwa Saints huyohuyo. Siku saba baadaye, mjini Washington, alipandishwa ulingo mmoja na Cody Rhodes, bingwa wa ngazi ya juu ya kampuni. Pambano hilo liliharibika baada ya Drew McIntyre kuliingilia, hivyo hakuna aliyelazwa chali. Januari 2026 Oba Femi aliuacha mkanda wa NXT mwenyewe, bila kupigwa na mtu.

Mwanafunzi wangu aliandika mstari huo wa mwisho kwa wino mwekundu, na mbele yake akaweka alama ya kuuliza. Bingwa anaachaje mkanda ambao hakunyang'anywa? Alama hiyo ya kuuliza, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote katika daftari lake.

Jibu ni kwamba katika mchezo huu mshindi hujulikana kabla ya kengele kulia. Wasomaji wenye umri wangu wanalijua hilo, ingawa wengi wetu tulilijua kwa uchungu. Tuliokua tukikaa juu ya magogo katika vibanda vya video, tukimtazama Undertaker akifufuka, tulibishana hadi usiku. Lakini wenye mali wenyewe walishakiri zamani. Mwaka 1989 kampuni hiyo, iliyokuwa ikimilikiwa na Vince McMahon, iliwaeleza maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani na si mashindano ya michezo. Sababu haikuwa kupenda ukweli. Michezo ya ngumi na mieleka ilikuwa chini ya tume za serikali zenye kodi na masharti yake. Burudani haikuwa chini yake.

Kwa hiyo safu mbili za daftari, "ameshinda" na "ameshindwa", hazina maana tuliyozoea kuzipa. Katika ngumi za kulipwa, bondia akiwa na ushindi 20 unauliza alimpiga nani. Katika mieleka ya namna hii unauliza nani alimpa ushindi huo, na kwa nini alimpa wakati ule. Matokeo yale ni ripoti ya mwajiri kuhusu mfanyakazi wake. Ukiyasoma hivyo, rekodi ya Oba Femi inazungumza vizuri sana.

Tazama miezi ile tisa ya mkanda wa kwanza. Mtu ana urefu wa karibu mita mbili, mzito, mwenye nguvu ya kumrusha mtu juu na kumdaka kabla ya kumbamiza chini. Kampuni haikumharakisha. Ilimpa wapinzani wepesi na wajuzi, wanaojua kuyafanya mapigo ya mtu mkubwa yaonekane, ili ajifunze mwendo wa pambano refu mbele ya watu. Kushindwa na D'Angelo kulimwachia nafasi ya kusubiri mkanda mkubwa zaidi. Kushindwa na Saints, mtu aliyekuwa ameingia mwaka huohuo baada ya kupata jina katika kampuni pinzani, kulimpa mgeni heshima ya haraka. Naye Femi hakupungukiwa kitu, maana wiki kumi baadaye mkanda ulikuwa kiunoni mwake tena. Halafu akapangwa na Cody Rhodes. Hapo waandaaji walikuwa na tatizo: bingwa mkuu hawezi kulazwa na kijana wa timu ya akiba, na kijana wanayemtaka kwa kesho hawezi kulazwa pia. Akaingia mtu wa tatu kuharibu. Na mkanda ulioachwa Januari? Huo ni uhamisho tu. Mtu amepandishwa darasa, hawezi kubaki na kengele ya darasa la chini.

Usiku ule wa Washington, Desemba 13, 2025, ndio John Cena alipigana pambano lake la mwisho. Huyu ni mtu aliyehesabiwa ubingwa wa dunia mara 17, zaidi ya yeyote. Aliaga kwa kushindwa, tena kwa kugonga mkono akikubali kwamba amezidiwa na Gunther. Baadhi ya watazamaji walikasirika. Lakini hiyo ni desturi ya kazi hiyo: mzee anayeondoka humwachia anayebaki kitu cha kujivunia.

Kinyume chake ni Kofi Kingston. Alizaliwa Ghana, na Aprili 2019 akawa mtu wa kwanza mzaliwa wa Afrika kushika ubingwa wa WWE, baada ya miaka 11 ya kazi katika programu kuu. Aliushika miezi sita. Oktoba 4, 2019 akapangwa na Brock Lesnar, na pambano likaisha kwa sekunde zisizofika kumi na mbili. Kingston hakuwa amechuja kwa usiku mmoja. Kampuni ilikuwa inahamia kituo kipya cha televisheni na ilitaka sura ya Lesnar pale mbele. Basi. Daftari la kijana linaonyesha "ameshindwa", na safu hiyo haina mahali pa kuandika sababu.

Kuna jambo jingine kuhusu Kingston ambalo kijana hakulijua. Alipoingia katika programu kuu alitambulishwa kama Mjamaika, akapewa lafudhi na muziki wa huko. Ughana wake ulikuja kutangazwa baadaye. Nilipomweleza hivyo alicheka. Mimi sikucheka sana. Nilisoma shule ya msingi Karagwe, upande wa Tanzania, na wengi wetu watoto wa wakimbizi tulijifunza mapema kujibu "mimi Mnyambo" mtu asiyefahamika akituuliza kwetu ni wapi. Wasomaji wa ukurasa huu waliorudi nyumbani kutoka Uganda au Kongo wana majibu yao ya aina hiyo. Unalitumia jina la kuazima kwa sababu mwenye mlango ndiye anayetaka kulisikia.

Na Uganda yenyewe imewahi kuazimwa jina ulingoni, bila kuulizwa. Mwaka 1982 James Harris, mtu mweusi mzaliwa wa Senatobia, Mississippi, alipakwa rangi usoni na tumboni, akapewa mkuki na kinyago, akaitwa Kamala, Jitu la Uganda. Watazamaji waliambiwa alikuwa mlinzi wa Idi Amin, ambaye wakati huo alikuwa ameshakimbia nchi yake miaka mitatu nyuma. Kamala alipanda ulingoni miguu mitupu na hakuruhusiwa kuzungumza. Alipangiwa hata asijue sheria: alikuwa akimlaza mpinzani kifudifudi badala ya chali, watu wakicheka, na mtu aliyevaa kofia ya mpelelezi wa kikoloni akimwongoza kama mnyama.

Rekodi yake ukiiandika kwa rula inapendeza. Alipigana na Hulk Hogan, alipigana na Andre the Giant, na Agosti 1992 alipigana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu wapatao 80,000. Karibu mapambano yote makubwa alipangiwa kushindwa, maana jitu la porini kazi yake ni kutisha kisha kuanguka. Baadaye alilalamika waziwazi juu ya malipo yake. Alipotoka katika mieleka aliendesha malori. Kisukari kilimfanya akatwe miguu yote miwili, mmoja mwaka 2011 na wa pili 2012. Alifariki Agosti 2020, akiwa na miaka 70, baada ya kupata Covid-19.

Ukilinganisha Kamala na Oba Femi utaona kuna hatua. Huyu wa leo anaitwa kwa jina la Kiyoruba, anatangazwa kuwa anatoka Nigeria na ni kweli anatoka huko, anaingia ulingoni kama mtawala na anazungumza Kiingereza kilichonyooka. Hakuna mkuki. Mwanafunzi wangu ana haki ya kujivunia hilo. Lakini anayeamua Femi ashinde lini ni haohao waandaaji: katika NXT msimamizi alikuwa Shawn Michaels, ambaye wazee wa vibanda vya video wanamkumbuka, na juu yake Paul Levesque, yaani Triple H. Wapiganaji wa WWE hawahesabiwi kuwa waajiriwa wa kawaida. Mikataba yao huwaita wakandarasi wa kujitegemea, ingawa kampuni ndiyo inayowapangia usiku wa kazi, mpinzani na hata maneno ya kusema. Kampuni hugharamia matibabu ya majeraha ya ulingoni, lakini bima yake ya afya ya kila siku mpiganaji hujitafutia.

Hapa niliona kijana anasikiliza, basi nikaendelea na sehemu ambayo jedwali lake haliigusi kabisa. Matokeo hupangwa, ila sakafu haipangwi. Machi 11, 2022, Big E, aliyewahi kuwa bingwa wa WWE, alirushwa nje ya ulingo kwa pigo la kawaida kabisa, akatua kwa kichwa na kuvunjika mifupa ya shingo. Alikuwa mzoefu, na aliyemrusha alikuwa amefundishwa katika kituo kilekile cha Orlando. Mwaka 2025 ulimalizika bado hajapigana tena. Oktoba 1999 Darren Drozdov alianguka vibaya katika pambano la kurekodiwa, akapooza, akaishi hivyo hadi kifo chake mwaka 2023. Hao walikuwa na madaktari pembeni ya ulingo.

Sasa turudi Mukono. Mji huo uko upande wa mashariki wa Kampala, ukishapita jiji kwa barabara ya Jinja. Tangu mwaka 2023 vijana wa Soft Ground Wrestling, chini ya mtu anayejulikana kwa jina la Bumbash, wamekuwa wakifanya mieleka ya mtindo wa Marekani kwenye ardhi iliyolainishwa kwa maji. Tope lile si mapambo. Ulingo wa kisasa una mbao zinazonesa na godoro juu yake, na ni ghali; wao walikosa fedha wakatafuta kitu cha kupokea mwili kisichouumiza sana. Ni akili, na ninawavulia kofia. Wapiganaji wa Marekani wenyewe wamewaona na kuwasifu. Anayesema vijana wale ni wahuni hajawatazama: kurushana namna ile bila kuumizana kunataka mazoezi na kuaminiana.

Pia ni kweli kwamba wao ndio wanaopigana kwa majina waliyojichagulia wenyewe, Waganda halisi katika nchi ambayo Kamala hakutoka. Hilo si dogo.

Lakini mtoto wa mtu akitaka kuvuka kwenda kujiunga na kundi lolote, la Mukono au la mahali pengine, maswali ya mzazi hayahusu ameshinda mara ngapi. Kitambulisho cha taifa kitamvusha Kagitumba; tangu mwaka 2014 Wanyarwanda, Waganda na Wakenya wanasafiri hivyo. Mituweli haitamvusha. Akivunjika mkono huko, kadi yake ya bima ya nyumbani haisomeki hospitalini, na mama atapigiwa simu usiku atafute shilingi za Uganda. Hapo mama mwenyewe, aliyekuwa kimya muda wote, alisema kitu kilichonizidi: "Mimi nikipeleka mzigo, najua mzigo ni wangu hadi nilipwe. Huyu akirushwa kwenye tope na watu laki moja wakatazama, mzigo ni wa nani?"

Ndilo swali. Kampuni ya Oba Femi mwaka 2024 ilitangaza mkataba wa miaka kumi na Netflix wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 5, kwa picha za namna hiyohiyo, watu wakirushana. Picha ndiyo bidhaa. Kijana anayepigana ili apigwe picha anapaswa kujua, kabla hajavua shati, picha hiyo itakuwa mali ya nani, nani atapokea fedha ikitazamwa Ulaya au Marekani, na fungu lake ni kiasi gani. Liandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, shahidi akiwapo. Na kama ana miaka 17, asaini mzazi.

Kuna wenzangu walimu wanaotaka tuwanyang'anye wanafunzi simu na kumaliza habari. Siafikiani nao. Nyumbani watoto wa Umutara wamekuwa wakikirana malishoni tangu kabla ya simu, na mtoto mwenye nguvu na shabaha hana mahali pengi pa kuzipeleka huku mpakani. Ninachokipinga ni kuacha shule mwaka mmoja kabla ya mtihani. Kwa hili rekodi ya Femi iko upande wangu: aliingia katika mieleka akitokea chuo kikuu, na ni tufe la chuo lililomfanya aonekane.

Nilimrudishia kijana daftari lake. Hakuniahidi kitu, na sikumlazimisha. Tulikubaliana kwamba likizo itakapofika atakwenda na mama yake hadi Kampala, wafike Mukono mchana, waone mazoezi kwa macho yao, na yeye mwenyewe aulize juu ya matibabu, juu ya picha na juu ya malipo. Mama amesema nauli ya kutoka Kampala hadi huko ataitoa kwenye faida ya viatu. Kijana alipokuwa anatoka ofisini nilimwona anachora safu mbili zaidi katika jedwali, huku akiniuliza kama ninajua Oba Femi analipwa shilingi ngapi akishindwa.